Marehemu Alihudhuria

Mzee Yustino Kalembo hakuwa na gari, wala baiskeli, wala mahali pa kuegemeza baiskeli kama angeipata. Hakuwa na meno matatu ya mbele. Hakuwa na redio ya kushika vituo viwili, ingawa hapo hakupungukiwa na kitu, maana nchi ilikuwa na kituo kimoja. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na kwa hiyo kisheria alikuwa mstaafu ambaye bado hajafika duniani. Hakuwa na mke. Harusi yake ilifanyika kweli, na watu walikula pilau, lakini karatasi zake zililowa masika yale paa la masjala lilipovuja. Bibi harusi alisubiri miaka miwili harusi ithibitishwe, kisha akaolewa na mtu mwenye karatasi kavu. Hakuwa na mtu yeyote wa kumwita kwa jina lake la kwanza.

Alichokuwa nacho ni Alhamisi.

Kila Alhamisi saa tisa alasiri, katika chumba cha cherehani cha Bi. Mwanakheri Shomvi, Mzee Kalembo aliacha kuwa mtunza mafaili mstaafu akawa Radi Mkuu wa Milima Saba, mwenye ndevu za kufika magotini na fimbo ya kupasulia mawingu. Majoka yalimjua. Wafalme walimpisha njiani. Ikifika saa kumi na mbili alizivua zile ndevu ambazo hakuwa nazo, akavuka uchochoro kurudi kwake, akasonga ugali wa mtu mmoja.

*

Nchi yenyewe siitaji jina. Msidhani naogopa. Jina lilipitishwa katika kikao halali, kwa makofi, ila muhtasari wa kikao kile haujathibitishwa, nami si mtu wa kutangulia mbele ya serikali.

Maana kwetu jambo halijatokea mpaka muhtasari wake uthibitishwe. Hii ni sheria nzuri, nimeisoma yote pamoja na majedwali yake, na imetuepusha na mengi. Daraja la Mto Kware lilianguka mwezi wa tatu mbele ya kamati nzima ya ujenzi. Kamati haikupata akidi tena, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe kikao, kwa sababu wanne kati yao walikuwa juu ya daraja. Hivyo daraja bado lipo, na madereva wanashauriwa kushika upande wa kushoto. Mheshimiwa Rais naye alitangaza kustaafu miaka kumi na minne iliyopita. Alilia, nasi tulilia. Kwa bahati mbaya katibu aliandika muhtasari kwa penseli, na bado anatafutwa mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuunakili kwa wino. Mheshimiwa anasubiri kwa uvumilivu mkubwa, Ikulu.

Ndiyo maana hata watu watatu wakikutana kunywa chai, mmoja huandika. Nakala hupelekwa Idara ya Yaliyotokea, ambako huwekwa juu ya nakala nyingine.

*

Mchezo wa Alhamisi uliingia nchini ndani ya sanduku la vitabu vya msaada. Shule aliyokuwa akifundisha Mwalimu Danford Sekwao iliomba vitabu vya jiografia. Ikapewa vitabu kumi na vinne vya kufundisha kuendesha gari kwenye theluji, na kimoja kinene chenye picha ya joka. Mwalimu Sekwao, mtu asiyeweza kutupa kitu kilichopigwa chapa, alikaa na kile kinene miaka miwili, kamusi pembeni, mpaka akakielewa.

Ni mchezo wa mezani. Watu huketi, kila mmoja akajifanya shujaa fulani na kuandika nguvu zake kwenye karatasi. Mmoja wao, aitwaye Msimulizi, huwaambia wako wapi na wamekutana na nini. Anayetaka kupiga, kuruka au kuloga hurusha dadu lenye nyuso ishirini. Likionyesha namba kubwa ameweza, likionyesha ndogo pole yake. Dadu lao lilikuwa moja tu, na uso wa kumi na nne ulikuwa umefutika, kwa hiyo ulisomwa kwa makubaliano.

Msimulizi alikuwa Mwalimu mwenyewe. Mzee Kalembo alikuwa Radi Mkuu. Bi. Mwanakheri, mjane mwembamba aliyeshona sare za shule na kuzungumza huku ana pini mdomoni, alikuwa Gogo la Chuma, jitu la futi tisa lenye rungu.

"Kwa nini jitu, Bi. Mwanakheri?" Mwalimu alimuuliza siku ya kwanza. "Ungeweza kuwa malkia."

"Malkia anashonewa nguo na nani? Na mimi tena," alijibu. "Nataka mtu mmoja tu maishani mwangu anayegonga mlango ukafunguka."

Kitabu kilikuwa na kasoro moja. Mchwa walikuwa wamekula sura ya tisa, ile ya Matambiko, yaani uchawi mkubwa unaofanywa na watu kadhaa kwa pamoja. Walikula kurasa ishirini na sita, wakabakiza neno la kwanza, ambalo Mwalimu alilitafsiri "Kusanyikeni", na la mwisho, "majivu".

Watu wa nchi nyingine wangefanyaje, sijui. Hawa watatu waliamua kutunga kanuni zao wenyewe za nyumbani, na kalamu akapewa Mzee Kalembo, kwa kuwa alikaa masjala miaka thelathini na mmoja. Hakuwahi kuona tambiko la kichawi. Lakini alikuwa ameona vikao, na kwa kadiri alivyopima hapakuwa na tofauti kubwa: watu wanakusanyika, wanasema maneno yasiyoeleweka, kisha wanangoja kitu kibadilike.

Kanuni ya kwanza ilisema kwamba tambiko lolote litakuwa na mwenyekiti, katibu na mjumbe, na wasipotimia watatu hakuna uchawi. Ya nne ilisema mizimu itaitwa kwa barua, si pungufu ya siku saba kabla. Ya sita: mzimu unaopinga uandikwe jina. Ya kumi na tatu, ambayo Mzee Kalembo aliiweka kwa sababu anapenda chai, ilisema kikao kikisimama kwa chai, kinachorejea ni kikao kipya, na mahudhurio yaandikwe upya.

Ya tisa ndiyo aliyojivunia. Aliiandika mara nne kabla ya kuridhika nayo:

"Matokeo ya tambiko yatakuwa matokeo pale muhtasari utakapothibitishwa mbele ya wote walioshiriki. Asiyekuwepo na hakuleta udhuru wa maandishi, ahesabiwe ameafiki. Aliyeleta udhuru, jambo lisubiri arudi."

Mwalimu Sekwao aliisoma kwa sauti. "Mzee wangu, huu ni uchawi au ni halmashauri?"

"Uchawi usio na utaratibu, Mwalimu, ni ushirikina."

Wakaishi nazo miaka tisa. Mvua ya kichawi ilichukua wiki tatu kunyesha. Safari moja joka lilifungua kinywa liwaunguze, nao wakaanzisha tambiko la kuuzima moto wake. Joka likangoja, kinywa wazi, Alhamisi nne mfululizo, likiwa limeandikwa chini ya kichwa "Yatokanayo". Hakuna aliyeona ajabu. Joka lenyewe lilikuwa la nchi yetu.

*

Sasa nisimulie Alhamisi yenyewe.

Mashujaa walikuwa wamefika Kisima cha Tano, ambamo inasemekana kuna jumba. Gogo la Chuma alisogea mbele kama kawaida yake.

"Nagonga mlango!" alisema Bi. Mwanakheri.

"Mlango unafunguka," alisema Mwalimu. "Ndani kuna nyoka. Kichwa chake ni sawa na jiko la shule."

"Nampiga rungu."

"Rusha dadu."

Alilirusha. Liliviringika kati ya vipande vya kitambaa cha kaki, likagonga mkasi, likatulia. Moja.

Moja ndiyo namba mbaya kuliko zote, na kitabu katika ukurasa ambao mchwa hawakuufikia kinasema wazi. Mwalimu alivua miwani akaifuta, kisha akaifuta tena.

"Sema tu, Mwalimu," alisema Bi. Mwanakheri.

"Amemmeza. Pamoja na rungu."

Ukurasa uleule ulisema shujaa akifa, karatasi yake ichomwe, na mwenye karatasi aondoke mezani kwa heshima mpaka apate shujaa mwingine. Na shujaa mwingine hakupatikana hivihivi. Mzee Kalembo mwenyewe, katika siku za bidii yake, alikuwa ameweka kanuni kwamba shujaa mpya awe na cheti cha kuzaliwa. Idara ya Vizazi wakati huo ilikuwa bado inashughulikia maombi ya mwaka aliozaliwa yeye Mzee Kalembo.

Bi. Mwanakheri alianza kukusanya pini zake. "Basi, jamani. Miaka tisa si haba. Nina sare arobaini za Shule ya Mtakuja zinaningoja."

"Kaa chini!" Mzee Kalembo alisimama, na kwa mara ya kwanza alimpigia kelele mwanamke. "Samahani. Naomba ukae. Radi Mkuu anaitisha Tambiko la Kurudisha Pumzi."

"Akidi haijatimia," alisema Mwalimu. "Wewe mwenyekiti, mimi katibu. Mjumbe ni nani?"

"Gogo la Chuma."

"Gogo amekufa, mzee."

"Kanuni inasema mjumbe. Haikusema mjumbe anayepumua."

Mwalimu akaandika: *Waliohudhuria: 1. Radi Mkuu, Mwenyekiti. 2. Msimulizi, Katibu. 3. Gogo la Chuma (marehemu), Mjumbe.* Radi Mkuu akasema maneno. Ili pumzi irudi, dadu lilitakiwa kuonyesha kumi na tano au zaidi. Mzee Kalembo alilipuliza, akalifikicha katikati ya viganja, akaliachia.

Tatu.

Hata hivyo hakuna aliyelia, kwa kuwa tambiko kushindwa kulikuwa bado hakujatokea. Mwalimu aliandika muhtasari, Bi. Mwanakheri akachemsha chai, na Ijumaa nakala ikapelekwa Idara.

*

Miaka tisa Idara haikuwahi kusoma. Lakini wiki ile ilikuwa Wiki ya Kumaliza Viporo, na Jumatatu, mchana kweupe, mlangoni kwa Bi. Mwanakheri akasimama mtu mwenye suti iliyopigwa pasi upande wa mbele. Wazee wote watatu walikuwa wameitwa wamngoje.

"Naitwa Pantaleo Ndimbo," alisema, "Kaimu Mkaguzi wa Yaliyotokea. Nani kati yenu ni Gogo la Chuma?"

"Ni mimi," alisema Bi. Mwanakheri, pini mdomoni.

"Wewe ndiye uliyemezwa na nyoka?"

"Nikiwa nimesimama."

"Pole sana." Aliandika. "Taarifa ya kifo haikuletwa."

"Bwana Mkaguzi," alisema Mwalimu kwa upole wa darasani, "huu ni mchezo. Hapana nyoka. Hapana kisima."

"Mwalimu wangu, idara yetu haiulizi kama jambo ni la kweli. Inauliza kama limethibitishwa. Tukianza kuuliza hilo la kwanza, nani atafanya kazi?" Alifungua ukurasa mwingine. "Kuhusu kisima. Kumbukumbu za Wizara ya Maji zinaonyesha wilaya hii ina visima vinne, vyote vikavu. Ninyi mmetaja Kisima cha Tano. Kina maji?"

"Kina nyoka."

"Nyoka yumo ndani ya nini?"

"Ndani ya maji," alikiri Mwalimu.

"Basi kina maji." Bwana Ndimbo alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mheshimiwa Waziri atakuja kukizindua."

Kisha akapanda juu ya kigoda cha cherehani, ingawa wasikilizaji walikuwa watatu na mmoja wao marehemu, akakohoa.

"Ndugu wananchi! Taifa lisilojua waliokufa wake haliwezi kujua walio hai wake! Serikali yenu sikivu imeagiza kwamba kila kifo kilichokaa zaidi ya siku tatu bila kuthibitishwa kithibitishwe, ili marehemu wajue msimamo wao! Alhamisi hii nitahudhuria mimi mwenyewe. Muhtasari utasomwa, utathibitishwa, na huyu Gogo atakufa kwa mujibu wa sheria, kama mwananchi mwingine yeyote! Nimalizie kwa kuwashukuru kwa amani na utulivu."

Aliposhuka, Mzee Kalembo alimuuliza: "Kuna shaka yoyote kuhusu marehemu kuhesabiwa kwenye akidi?"

"Hakuna kabisa," alisema Bwana Ndimbo. "Kwetu marehemu huhudhuria mara kwa mara. Na si wasumbufu."

*

Jumatatu mpaka Alhamisi ni siku tatu, na Mzee Kalembo alizitumia zote. Aliiandikia Mizimu ya Milima Saba kuomba msaada, kwa mujibu wa kanuni ya nne. Kanuni ya nne ilitaka siku saba. Akaandika barua ya pili kuiomba mizimu ikubali barua ya kwanza ndani ya siku tatu. Ombi la aina hiyo nalo lilitaka siku saba. Jumatano alipita mbele ya duka la Bi. Mwanakheri akamwona ameitandika karatasi ya Gogo la Chuma juu ya meza ya kupigia pasi, anaikunjua pembe zake kwa pasi ya uvuguvugu, kama mtu anayemvika maiti.

Hakuingia. Alivuka uchochoro, akasonga ugali, hakuumaliza.

*

Alhamisi Bwana Ndimbo alikuja na mto wake wa kukalia. Ilikuwa bado robo saa kikao kianze, naye akaketi akiangalia dadu kama paka anavyoangalia samaki wa jirani.

"Hapa mtu hakai bure, baba," alisema Bi. Mwanakheri. "Ukikaa mezani lazima uwe mtu. Mwalimu, mpe kazi."

"Awe Mlinzi wa Daraja," alisema Mwalimu.

"Mimi ni mtumishi wa umma. Siwezi kushiriki mambo ya..." Bwana Ndimbo alisita. "Daraja lipi?"

"La kwenda Kisima cha Tano. Hawa wamefika mbele yako, wanataka kupita."

Bwana Ndimbo alinyoosha mgongo. Macho yake yakaingia ndani, sauti ikashuka kooni. "Barua yenu ya utambulisho iko wapi?"

"Hatuna," alisema Radi Mkuu. "Tuna radi."

"Radi ipitie ofisi ya mapokezi. Rudini kesho."

Mwalimu Sekwao alisema baadaye kwamba katika miaka tisa hajaona kipaji kama kile. Ikagonga saa tisa, mto ukarekebishwa, na Mwalimu akafungua daftari. Ajenda ya kwanza: kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Akasoma, pole pole, kila neno, mpaka mahali pa nyoka, mpaka mahali pa tambiko, mpaka "dadu lilionyesha tatu".

"Marekebisho!" alisema Mzee Kalembo. "Mahali palipoandikwa tatu, pasomeke thelathini."

"Mzee," alisema Bwana Ndimbo, "dadu hili lina nyuso ishirini. Hata Idara ya Takwimu huomba wiki mbili kwa kitu kama hicho."

"Basi isomeke kumi na nne. Uso wa kumi na nne husomwa kwa makubaliano. Tukubaliane kwamba ni kumi na tano."

"Je, lilitua uso wa kumi na nne?"

Mzee Kalembo alikuwa mtu wa masjala. Angeweza kupoteza faili, lakini kusema uongo ndani ya faili hakuweza. "Hapana," alisema. "Lilitua tatu."

Bi. Mwanakheri alikuwa amekaa mikono mapajani, karatasi iliyopigwa pasi mbele yake. "Bwana Ndimbo," alisema, "wewe ni Kaimu, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Kaimu Mkaguzi."

"Umekaimu miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja. Muhtasari wa kikao kilichoniteua, walisema mwenyekiti alikuwa safarini."

"Na hiyo miaka kumi na mmoja unajionaje? Upo au haupo?"

Bwana Ndimbo aligusa suti yake upande wa mbele, kisha upande wa nyuma, ambao haukupigwa pasi. "Nipo, mama," alisema. "Nakula, nalala. Watoto wananiita baba. Nipo, ila kwa kukaimu."

"Kwa hiyo huyu Gogo, mpaka sasa hivi, anakaimu kuwa hai?"

"Mpaka sasa hivi, ndiyo. Muhtasari ukithibitishwa, basi. Na walioshiriki wote wapo." Alihesabu kwa kalamu. "Mwenyekiti yupo. Katibu yupo. Marehemu yupo. Wanaoafiki..."

"Chai!" alisema Mzee Kalembo.

Wote walimgeukia.

"Kikao kinasimama kwa chai. Nikiwa mwenyekiti nina mamlaka hayo. Kanuni ya kumi na tatu."

Bwana Ndimbo hakuwa mtu wa kupinga kanuni yenye namba. Chai ikamiminwa. Mzee Kalembo alimvuta pembeni, karibu na rundo la sare.

"Bwana Mkaguzi, mtu akileta udhuru wa maandishi kabla kikao hakijarejea, jambo linasubiri arudi?"

"Kanuni ya tisa inasema hivyo. Imeandikwa vizuri sana, hongera kwa aliyeiandika."

"Na akiingia baadaye kidogo, muhtasari ukishapita?"

"Huyo hana udhuru, huyo amechelewa. Na aliyechelewa amehudhuria. Itabidi muhtasari urudiwe mbele yake."

"Na asiporudi kabisa? Akileta udhuru kila Alhamisi?"

"Jambo litasomeka *linashughulikiwa*," alisema Bwana Ndimbo. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, akiangalia ndani ya kikombe: "Kuna mambo mengi yanaishi hivyo, mzee. Mengine yana afya nzuri kuliko sisi."

Mzee Kalembo aliiweka chini chai yake, hakuwa ameionja, akatoka.

*

Alivuka uchochoro, akarudi na karatasi, bahasha, kalamu, na kitu kidogo kilichofungwa kwenye gazeti. Akaketi kwenye ngazi ya mlango wa Bi. Mwanakheri, upande wa nje, akaanza kuandika juu ya goti.

Dirisha likafunguka juu ya kichwa chake. Bi. Mwanakheri hakuwa na pini mdomoni.

"Mzee Kalembo, chai yako inapoa. Umekaa huko kama mdai."

"Siingii. Nina udhuru."

"Udhuru gani, na wewe uko hapo?"

"Nikiingia nahesabiwa. Nikihesabiwa, Gogo anakufa. Wewe cheza. Nyoka atamtapika kwa kukosa kibali cha kummeza, Mwalimu ataona namna. Gogo ataendelea kukaimu."

Bi. Mwanakheri alipiga hesabu ya kanuni ya tisa. Alikuwa mshonaji, alijua kutazama nguo akaona uzi unaoishikilia. "Na Radi Mkuu?"

"Amesafiri."

"Mpaka lini?"

Mzee Kalembo aliandika mstari mzima kabla ya kujibu. "Milima ni saba, Bi. Mwanakheri. Ina mambo mengi."

"Yaani unampa Gogo Alhamisi zako zote. Sasa nani atatupigia radi?"

"Gonga tu mlango. Utafunguka."

Ndani, Bwana Ndimbo alisikika akimwuliza Mwalimu kama Mlinzi wa Daraja anaruhusiwa kuwa na bunduki, na Mwalimu akimjibu kwamba anaruhusiwa kuwa na mkuki na kitabu cha wageni. Bi. Mwanakheri alibaki dirishani.

"Yustino," alisema.

Kalamu ilisimama. Alinyanyua uso, mapengo yote matatu yakaonekana.

"Andika vizuri basi, Yustino. Huyu Ndimbo anasoma kila nukta. Na kigoda nitakuwekea hapo dirishani kila wiki, hicho cha chini. Nje ni nje. Chai nitakupitishia."

"Kanuni haikatazi chai," alisema Mzee Kalembo.

Dirisha halikufungwa. Akamaliza kuandika, akasoma kwa midomo, akarekebisha herufi moja:

*Kwa Kaimu Mwenyekiti, Kikao cha Alhamisi.*

*YAH: UDHURU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba udhuru wa kutohudhuria kikao cha leo, pamoja na cha Alhamisi ijayo, na nitaendelea kuomba kadiri itakavyohitajika. Sababu: niko nje.*

*Mengineyo: Kushoto mwa mlango wa pili wa jumba kuna shimo, nililiona kwenye ramani ya Mwalimu alipokuwa akikuna sikio. Gogo apite kulia. Asimwamini Mlinzi wa Daraja, ila amsalimie, maana ana moyo.*

*Wenu katika ujenzi wa taifa na Milima Saba,*
*Y. Kalembo.*

Akaikunja mara tatu kama walivyokunja masjala, akaitia katika bahasha. Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekwisha nguvu. Akafungua lile gazeti, akamega tonge dogo la ugali wa jana ambao hakuumaliza, akalipaka ukingoni, akakandamiza kwa dole gumba na kuhesabu mpaka ishirini. Ikashika. Saa ya mkononi ya Bwana Ndimbo ililia ndani kwamba chai imekwisha.

Mzee Kalembo aliinama, akaisukuma barua chini ya mlango mpaka ikabaki pembe moja tu nje. Upande wa pili mtu akaivuta.